MASHINE INAPOOMBA NAMBA 48



Tangu masomo yaanze, wenzetu wengi wa kalasi za juu, hata na walimu wawili watatu, wametujia na neno moja: "Mashine imeamka na kioo cha buluu. Iko inaomba namba, na mimi sina namba." Mmoja aliambiwa sokoni kwamba ni virusi. Mwingine aliambiwa diski imekufa, anunue nyingine. Wa tatu aliambiwa alipe dola nyingi, na kesho yake fundi akamrudishia mashine safi kabisa, yaani tupu: picha hakuna, TFC ya dada yake hakuna. Kwa hiyo tumeona inafaa kueleza jambo hili polepole. Anayefanya haraka hapa anapoteza kazi yote, na anayetulia mara nyingi anaokoa kila kitu.

Neno la kwanza la kushika ni hili: mashine hiyo haikuharibika. Imefungwa. Mlango uliovunjika na mlango uliofungwa vyote viwili vinakuzuia kuingia, lakini ukileta shoka kwenye mlango uliofungwa tu, umejibomolea nyumba bure.

Kufunga diski ni kufanya nini

Wengi wanafikiri kwamba neno la siri tunaloandika asubuhi tunapowasha Windows ndilo linalolinda kazi zetu. Hapana. Neno hilo ni kama pazia. Mtu akitoa diski ndani ya mashine, skrubu nne tu, akaitia ndani ya mashine nyingine, anasoma barua na picha zako zote bila kuulizwa kitu.

Kufunga diski yote ni jambo lingine. Hapo kila kitu, kabla ya kuandikwa juu ya diski, kinachanganywa kwa hesabu ya siri, na kinapanguliwa tena wakati wa kusomwa. Vitabu vya Kiswahili vinaita kazi hiyo usimbaji. Mwenye mashine haoni kitu, anaandika na kusoma kama kawaida. Lakini aliyetoa diski akaipeleka penginepo anakuta vumbi la herufi lisilo na maana. Katika Windows programu ya kazi hiyo inaitwa BitLocker, nayo ilikuja pamoja na Windows Vista mwaka 2007. Mashine za Apple zina FileVault, na za Linux zina LUKS.

Faida yake hatuhitaji kuitafuta mbali. Fikiri tu muuguzi wa hospitali ya FOMULAC mwenye orodha ya wagonjwa na magonjwa yao, au mtafiti wa Lwiro mwenye vipimo vya miaka mingi. Februari 2025, wakati M23 ilipoingia Kavumu tarehe 14 na Bukavu tarehe 16, watu walikimbia na kile walichoweza kubeba, na mali nyingi iliibwa. Mwizi wa mashine iliyofungwa amepata chuma na kioo. Mwizi wa mashine isiyofungwa amepata na majina ya watu. Tena nchi yetu ina sheria: Kodi ya mambo ya dijitali, yaani ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inamdai anayeshika habari za watu azilinde.

Basi kufuli ni jema. Shida ni kwamba kufuli halijui sura ya mtu. Linalomzuia mwizi ndilo linalomzuia mwenye mali akipoteza ufunguo.

Zamu aliye ndani ya mashine

Mtauliza: kama diski imefungwa, kwa nini siku zote mashine inafunguka bila kuniomba namba ndefu? Ni kwa sababu ndani ya mashine za miaka hii kuna kitu kidogo kinachoitwa TPM. Sisi tumekiita zamu.

Fikirini ghala ya kahawa. Ghala ina ufunguo mmoja tu. Nakala ya kwanza ya ufunguo huo imewekwa kwa zamu wa mlangoni. Nakala ya pili imefungwa ndani ya kisanduku ambacho kinafunguka kwa namba 48 tu. Zamu hana elimu nyingi, lakini ana macho makali. Kila asubuhi anatazama vitu vilevile: programu ya kwanza ya mashine (ile BIOS), faili za kuamshia Windows, mpango wa kuanza. Kama vyote viko sawasawa na jana, anatoa ufunguo kimya kimya nawe hujui lolote. Kama kimoja kimebadilika, anafunga mdomo. Hakuambii nini kimebadilika. Anasema tu: leta namba 48.

Kwa hiyo kioo cha buluu si hukumu, ni zamu aliyeona kitu kisicho cha kawaida. Na hapa kwetu visivyo vya kawaida ni vingi! Kuranti inakatika, betri ya mashine inaisha mpaka sufuri; Microsoft yenyewe imeandika kwamba betri ya mashine ya kubeba ikiisha kabisa, au ikitolewa na kurudishwa, jambo hilo laweza kumshtua zamu. Betri ndogo ya mviringo, ile CR2032 inayotunza saa na mipango ya BIOS, inakufa katika mashine za zamani tunazonunua, na BIOS inasahau yote na kurudi utotoni. Mtu ameacha flashi ndani wakati wa kuwasha. Mdogo wako amebonyeza F8 au F10 kwa mchezo. Fundi amebadili ubao mkubwa, ule wanaouita kartimeri, na zamu wa zamani ameondoka nao. Huyu mpya hajawahi kuona ufunguo.

Tena mara nyingine hakuna aliyegusa kitu. Mwezi wa saba 2024 masasisho ya Windows yenyewe yaliamsha kioo hicho kwa watu wengi, na Microsoft ikatengeneza mwezi wa nane. Mei 2025 ikawa tena hivyo kwa mashine kadhaa za Windows 10. Kwa hiyo mama au baba akikugombeza kwamba umeharibu mashine, muonyeshe mstari huu.

"Lakini mimi sikufunga diski!" Tumesikia neno hili mara nyingi, na mara nyingi ni kweli. Mashine nyingi zinajifunga zenyewe. Tangu Windows 11 ya 24H2, iliyotoka mwezi wa kumi 2024, mashine nyingi zikiwekewa Windows mpya kabisa na mtu akaingia kwa akaunti ya Microsoft, diski inafungwa bila kuulizwa, na namba 48 zinatumwa kwenye akaunti hiyo. Aliyesoma kila ukurasa wa mwanzo huenda alijua. Nani anausoma?

Kabla ya kugusa kitu

Kwanza kabisa, hapana kuformata. Fundi akisema "tuformate tuone", chukua mashine yako uende. Namba ikipatikana mwezi ujao, diski iliyofungwa bado itafunguka, iliyoformatwa imekwisha. Pili, ndani ya BIOS kuna mstari unaoitwa Clear TPM au jina linalofanana. Usiubonyeze. Huo ni kumfuta zamu akili yote.

Kisha soma kioo chenyewe. Watu wengi wanaogopa ile buluu hawasomi maandiko. Kuna herufi na tarakimu zinazoitwa kitambulisho cha ufunguo. Andika nane za kwanza ndani ya kaye. Hizo si ufunguo. Ni jina la ufunguo, litakusaidia kuujua ukiukuta kati ya mingine.

Sasa jaribu kurudisha mambo ya jana. Zima mashine, toa flashi, toa diski ya nje, toa kila kilichochomekwa, washa tena. Kama haikufaa, ingia katika BIOS utazame saa. Ikikuonyesha mwaka wa zamani sana, betri ya CR2032 imekufa: badilisha, weka tarehe sawa, na tazama kama mstari wa Secure Boot na mpango wa kuanza viko kama vilivyokuwa. Vikirudi sawasawa, zamu anaridhika na mashine inafunguka bila namba yoyote. Watu wanalipa kazi hii kwa bei kubwa, na kumbe ni betri ndogo kama kifungo cha koti.

Kutafuta ufunguo

Kama zamu bado amekataa, hakuna njia ila namba 48. Ziko wapi?

Mahali pa kwanza ni akaunti ya Microsoft. Chukua telefone yenye mega, andika aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa anwani na neno la siri. Utaona orodha ya mashine, na mbele ya kila moja kitambulisho na namba. Linganisha zile herufi nane. Kama zinafanana, umepona.

Orodha ikiwa tupu, usikate tamaa, uliza swali hili: nani alifungua mashine hii mara ya kwanza? Mashine nyingi za hapa zinatengenezwa butikeni ku Bukavu. Muuzaji anaweka Windows, anaingia kwa akaunti yake mwenyewe ili amalize haraka, kisha anakukabidhi. Diski imejifunga, na namba 48 zimekwenda kwenye akaunti ya muuzaji. Yeye hajui, wewe hujui. Rudi kwake na kitambulisho mkononi, umwombe kwa upole afungue akaunti yake. Kama mashine ilipewa na kazi au shirika, ufunguo huenda uko kwa mkubwa wa mashine wa pale. Kama ni ya kaka yako aliyekwenda Kampala kusoma, mpigie. Kisha tafuta karatasi: ndani ya karatoni, ndani ya kitabu cha garanti, ndani ya flashi ya zamani kama faili ndogo ya maandishi yenye jina la BitLocker.

Hapa ndipo tunaona kazi ya shule inatumika, sikilizeni vizuri.

Namba 48 zimegawanywa katika mafungu 8 ya tarakimu 6. Kila fungu linagawanyika kwa 11 bila baki. Waliotengeneza walipanga hivyo kusudi kosa la kuandika lionekane. Mwalimu wa hesabu alitufundisha namna ya kujua kama namba inagawanyika kwa 11: jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu na ya tano, jumlisha ya pili, ya nne na ya sita, toa moja katika nyingine. Ikibaki 0 au 11 au 22, ni sawa. Tuchukue 415602. Ya kwanza, ya tatu, ya tano: 4 na 5 na 0 ni 9. Ya pili, ya nne, ya sita: 1 na 6 na 2 ni 9. Tofauti ni 0. Fungu ni zuri.

Sasa mtu ameandika vibaya kwa biki, ile 1 ikasomwa kama 7: 475602. Upande mmoja 9, upande mwingine 7 na 6 na 2 ni 15. Tofauti ni 6. Fungu ni baya, na unajua kosa liko katika fungu hilo, si katika mengine saba. Hapo unarudi kutazama ile 7, ile 1, ile 0 inayofanana na 6. Hesabu hii inakamata kila kosa la tarakimu moja, tena inakamata kila tarakimu mbili jirani zilizopishana. Haikamati ukibadilisha nafasi ya fungu zima na fungu lingine. Basi tazama na mpango wa mafungu.

Jambo lingine: hakuna fungu linalopita 720885. Ni kwa sababu kila fungu ni namba kutoka 0 mpaka 65535 iliyozidishwa kwa 11. Fungu linaloanza kwa 8 au 9 ni la uongo moja kwa moja. Kwa hesabu hii tuliona karatasi moja iliyoaminiwa kuwa imekosea yote, na kumbe ilikuwa na 4 moja tu iliyosomwa 9.

Na kwa wale wanaopenda kujua: mafungu 8, kila moja lina njia 65536. Zidisha mwenyewe mara nane. Utapata namba yenye tarakimu 39. Mashine bilioni moja zikijaribu kila moja funguo bilioni moja kwa sekunde, zitahitaji miaka zaidi ya bilioni elfu kumi kuzimaliza zote. Kwa hiyo yule anayekuambia "mimi nina programu ya kuvunja BitLocker, niachie mashine mpaka Jumatano", muulize atamaliza Jumatano ya mwaka gani.

Kuandika namba, na hila ya klavie

Namba imepatikana, umeiandika, mashine imekataa. Usiseme upesi kwamba ni ya uongo. Klavie zetu ni za Kifaransa, zile zinazoanza kwa A, Z, E, R, T, Y. Juu yake tarakimu zinatoka ukibonyeza na kitufe cha herufi kubwa. Lakini mashine ikiwa bado haijaamka vizuri, mara nyingi haijui kwamba klavie ni ya Kifaransa. Inafikiri ni ya Kimarekani. BitLocker inakubali vitufe vya F1 mpaka F9 kuwa 1 mpaka 9, na F10 kuwa 0. Vitufe hivyo havina lugha. Kwa mashine nyingine za kubeba ni lazima ushike na kitufe cha Fn.

Wenye Linux wanaumizwa na hila hii zaidi, kwa sababu wao huandika neno la siri lenye herufi. Tuseme neno lako ni amani2. Mashine ikifikiri klavie ni ya Kimarekani, nawe ukibonyeza vitufe kama unavyoviona, yenyewe inasoma q;qni@. Unajaribu mara kumi, unaapa kwamba neno ni hilo, na ni kweli ni hilo! Dawa yake: bonyeza Q mahali pa a, bonyeza kitufe cha mkato mahali pa m, na kitufe cha é bila herufi kubwa mahali pa 2. Ni vizuri zaidi kuchagua tangu mwanzo neno refu lisilo na a, q, z, w, m wala tarakimu. Neno kama hilo halijali klavie.

Ikisha kufunguka

Watu wakiona Windows imefunguka wanapiga makofi na kwenda kucheza muziki. Subirini kwanza. Nakilini kazi zote za maana juu ya diski nyingine siku hiyohiyo. Kisha mfundisheni zamu sura mpya ya mashine, kama sivyo ataomba namba kila asubuhi. Katika Windows ya Kifaransa, ndani ya sehemu ya BitLocker, kuna "Suspendre la protection". Bonyeza, washa upya mashine, kisha rudisha ulinzi. Hapo anaandika upya mambo ya leo katika kichwa chake. Fanya vivyo hivyo kabla ya fundi kubadili BIOS au kutia kifaa ndani: simamisha kwanza, rudisha baadaye. Kama mashine yako ni ya Windows ya nyumbani isiyo na sehemu hiyo, fungua dirisha jeusi la amri kama mkubwa wa mashine, andika manage-bde -protectors -disable C: na baadaye manage-bde -protectors -enable C:

Mara nyingine namba inakubaliwa, lakini Windows haiamki, au diski inapiga kelele kama mtu anayekwaruza sufuria. Sasa ndiyo diski inayougua kweli, na ugonjwa si wa kufuli. Usiiwashe na kuizima mara nyingi. Kuna programu ya Microsoft inayoitwa repair-bde. Inasoma kinachosomeka kutoka diski mgonjwa na kukiandika wazi juu ya diski nyingine, ambayo lazima iwe kubwa sawa au zaidi, na yote yaliyokuwa juu ya hiyo nyingine yatafutika. Nayo bado inaomba namba 48. Sehemu moja ya diski ikifa, unapoteza kile kilichoandikwa pale, si diski nzima.

Upande wa LUKS kuna hatari moja kubwa zaidi. Mwanzoni mwa sehemu iliyofungwa kuna kichwa, kipande kidogo kinachotunza funguo. Kichwa kikiharibika, kwa mfano mtu akiweka Windows juu yake, neno la siri unalo lakini halina kitu cha kufungua. Ndiyo sababu wenye akili wananakili kichwa hicho kwa amri ya cryptsetup luksHeaderBackup na kukitunza juu ya flashi mbali na mashine. LUKS pia inakubali maneno ya siri zaidi ya moja kwa diski moja. Ya zamani 8, LUKS2 mpaka 32. Shule au parokia inaweza kumpa neno la pili mtu mwingine wa kuaminiwa, ili karani akisafiri au akifariki kazi isifungwe pamoja naye.

Na kuranti ikikatika katikati ya kufunga diski? Wengi wanaogopa hili, lakini kwa BitLocker si jambo kubwa. Kuranti ikirudi na mashine ikiwashwa, kazi inaendelea pale ilipoachia. Amri ya manage-bde -status inakuonyesha asilimia ngapi zimekwisha fungwa.

Wasio na ufunguo kabisa

Umetafuta katika akaunti, kwa muuzaji, kwa kaka, katika karatasi zote, na hakuna. Lazima tuseme wazi: yaliyo ndani hayatapatikana. Fundi hatayapata, na Microsoft imesema haina njia ya kutoa wala kutengeneza upya namba iliyopotea. Mashine yenyewe ni nzima. Ukiweka Windows upya itafanya kazi miaka mingine. Lakini kama ndani kuna jambo kubwa, kama kazi ya mwisho ya chuo kikuu au kumbukumbu za marehemu, na una uwezo kidogo, nunua diski nyingine utie ndani ya mashine, na ile ya zamani uifunge ndani ya sashe uitunze. Karatasi zinaonekana baadaye, wakati wa kuhama nyumba.

Dunia yote ilijifunza jambo hili kwa siku moja. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho baya la kampuni ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows kama milioni 8.5. Ndege zilikaa chini, na mahospitali yalirudi kwa karatasi. Kutengeneza kulikuwa rahisi, kufuta faili moja tu. Lakini nyingi zilikuwa zimefungwa kwa BitLocker, na mafundi walikwenda mashine baada ya mashine wakiandika namba 48 kwa vidole. Wenye orodha ya funguo ndani ya mashine nyingine iliyofungwa nayo, hao ndio walioteseka zaidi.

Kwa hiyo ninyi ambao mashine zenu zinafunguka vizuri leo, kazi ni ya dakika tano. Fungueni dirisha la amri kama mkubwa wa mashine, andikeni manage-bde -protectors -get C: na namba 48 zitatokea pamoja na kitambulisho. Ziandikeni kwa biki, si kwa krayoni, juu ya karatasi mbili. Zipimeni kwa 11 fungu kwa fungu. Karatasi moja ikae nyumbani ndani ya sashe, mbali na mvua na mchwa. Ya pili ikae kwa mtu mwingine, au ndani ya bahasha iliyofungwa katika sanduku la chuma la sekreteria. Ndani ya mfuko wa mashine, hapana: mwizi atabeba vyote viwili, na wewe ukikimbia ukaacha mfuko umeacha vyote viwili. Picha ndani ya telefone ni nzuri kama msaada, lakini telefone nazo zinaibwa kuliko mashine. Kuipiga picha na kuituma katika kundi la kalasi, hapana kabisa. Tumeona mtu akifanya hivyo.

Zoezi kwa wote. Haya si mafungu ya mashine ya mtu, tumeyatunga sisi. Yapi yanaweza kuwa ya kweli?

207911      094216      530178      836143

Majibu: La kwanza na la tatu ni mazuri. La pili lina tofauti ya 12, ni baya. Mwisho wake ungekuwa 5 lingekubaliwa. La nne liliwadanganya hata wa mwaka wa sita: linagawanyika kwa 11 vizuri, lakini limepita 720885.